Msumeno wa Kuazima

Januari, Kainuu. Ardhi imekuwa chuma.
Sululu ikigonga inarudi na cheche,
basi nawasha makaa, nafunika kwa bati,
nangoja siku mbili udongo ukubali.
Kwetu Ufini hata kaburi hubembelezwa.

Dukani, kwenye foleni ya maziwa, waliniuliza:
"Oiva, unamchimbia wapi? Ndani au nje?"
Babu yangu, mchimbaji kabla yangu,
watu kama huyu aliwachimbia nyuma ya ukuta,
usiku, bila kengele, bila jina kwenye ubao.
Alilipwa nusu, na nusu ile hakuila.
Tuliikuta ndani ya soksi alipokufa,
noti zimechakaa, hazinunui hata kiberiti.

Nikajibu: Ndani. Ubavuni mwa baba yake.
Mzee Taavetti akavua kofia, akaivaa tena.
"Lakini aliokoka?" akasema, si kwa ukali,
kama mtu aliye nje usiku
anayeuliza iwapo mlango umekwisha fungwa.

Mchungaji Kyllikki alikuja jioni kuota makaa yangu.
Hakuleta kitabu, alileta glavu za ziada.
"Uhai ni amana," alisema.
"Sitapanda mimbarani niseme kuiangusha si kitu.
Lakini mikono iliyoiangusha niliiona
ikitetemeka tangu Oktoba,
na Mwenye amana aliiona kabla yangu.
Funguo sina, Oiva. Nashukuru sina."
Kisha akapiga chafya, akacheka,
na kicheko kikamgeukia njiani.

Asubuhi ya pili akaja Hilja, mama yake,
na chupa ya kahawa kwapani.
Alisimama palepale penye moshi.
"Armas," alisema. "Armas. Armas."
Kwa lugha yetu, maana yake mpendwa.
Mara zote tatu lilikuwa jina,
na mara zote tatu lilikuwa maana yake.
"Yuko wapi?" akaniuliza,
mimi, mtu wa sululu.

Ningesema mbinguni. Ningesema sijui.
Nilimpa nilichokuwa nacho:

Vuli moja, miaka kumi na mmoja nyuma,
nilichoka kama yule nabii wa jangwani
aliyelala chini akasema, Basi, yatosha,
na Mungu hakumhubiria,
alimletea mkate, akamwacha alale.
Saa nne usiku mlango wangu ukagongwa.
Armas, miaka kumi na tisa, theluji masikioni,
anataka kuazima msumeno.
Saa nne! Msumeno!
Akaingia, akavua viatu,
akakaanga mayai yangu yote,
akanieleza injini ya pikipiki, skrubu kwa skrubu,
mpaka dirisha likawa jeupe.
Msumeno aliusahau.
Hakuwa na mti wa kukata.

Hilja alikumbatia kikombe kwa mikono miwili.
"Hakuwahi kuniambia," alisema,
na uso wake, kwa kitambo, ukapata joto.

Lililobaki sikumwambia, nalo ndilo linalonichimba:
kutoka mlango wangu hadi wake ni hatua mia tatu.
Nimezihesabu jana.
Nasadiki, kwa imani ya mtu mwenye kucha chafu,
kwamba aliyemtuma kijana yule kwangu
hakuisahau njia ya kwenda kwake.
Nasadiki pia kwamba miguu aliyoitaka
huenda ilikuwa hii yangu.
Imani zote mbili nalala nazo kitanda kimoja.

Leo tumezika. Kengele ililia,
na kamba aliivuta Taavetti. Aliomba mwenyewe.
Theluji ilikuwa imeumeza ukuta,
wabeba jeneza waliuvuka bila kujua.

Nyuma ya wote alisimama Onni, mdogo wake,
miaka kumi na saba, bila glavu,
akitazama shimo
baada ya wengine kwenda kunywa kahawa.

Sasa ni saa nne. Nyuzi thelathini chini ya sifuri.
Msumeno wangu umening'inia ukutani,
mzima, umenolewa, una mafuta.
Nimevaa buti. Nimebeba mayai.
Nitagonga.
Akiuliza ninataka nini
nitasema msumeno.